Jiwe la Bathurst: kisa cha timu iliyoinuliwa kwa michango ya simu

Jiwe lilikuwa na ukubwa wa mpira wa miguu. Lilikuwa limekaa barabarani, kwenye kona ya kushoto inayopanda mlima iitwayo The Cutting, na upande wa pili wa barabara hiyohiyo palikuwa na lori lililokuja kubeba gari bovu. Kati ya lori na jiwe palibaki upenyo mdogo. Dick Johnson alikuwa anakuja na gari lake la mbio, Ford Falcon ya buluu, namba 17, yenye injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5.8, na ndiye aliyekuwa akiongoza mbio. Akajaribu kupenya. Gurudumu likapanda jiwe, gari likamtoka mikononi, likajipigiza ukutani, na siku yake ikaishia hapo.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Oktoba 1980, mjini Bathurst, jimbo la New South Wales nchini Australia. Mbio zenyewe zilikuwa za kilomita 1000, mizunguko 163 ya kupanda na kushuka mlima wa Mount Panorama. Johnson alikuwa hajafikisha hata mzunguko wa 20.

Nimekiangalia kipande hicho cha video mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara kinachonikera ni lori. Jiwe lingekuwa peke yake, dereva wa kiwango kile angelikwepa huku akitukana kimoyomoyo. Lori lingekuwa peke yake, angelipita kama alivyopita magari mengine asubuhi ile. Balaa lilikuwa kuvikuta vyote viwili mahali pamoja, kwenye kona ambayo huoni mbele mpaka umeshaingia.

Jiwe lilifikaje pale? Juu ya kona kuna kingo za udongo ambako watazamaji hukaa na kulala usiku kucha na bia zao. Wengine walisema lilirushwa na mlevi, wengine kwamba liliporomoka tu baada ya mtu kulikanyaga, na ubishi huo haujafa hadi leo. Mimi haunishughulishi sana. Ninachotaka kukichambua ni yaliyofuata, kwa sababu timu iitwayo Dick Johnson Racing, ambayo leo ni miongoni mwa timu kongwe kabisa za mbio za magari Australia, ilisimama kutokana na saa chache zilizofuata lile jiwe.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Johnson alizaliwa Brisbane mwaka 1945. Hakuwa mtoto wa tajiri wala dereva wa kuajiriwa na kiwanda. Alikuwa na sheli, kwa maana yetu ya neno hilo, yaani kituo cha mafuta chenye gereji, na magari yake ya mbio aliyatengeneza mwenyewe na wenzake wachache pembeni ya kazi. Mwaka ule alikuwa amejifunga mkanda kweli. Alichukua Ford Falcon ya toleo la XD, akaijenga kwa kanuni mpya, na akapata mdhamini wa Queensland, kampuni ya mabomba ya chuma ya Ross Palmer. Jina la Tru-Blu lililoandikwa ubavuni mwa gari lilikuwa jina la bidhaa ya Palmer. Hata ile rangi ya buluu ilitokana na mabomba.

Pili, tujue alikuwa akipambana na nani. Peter Brock, nyota wa Holden Dealer Team, timu ya magari ya Holden, chapa ya Australia iliyoshindana na Ford, alikuwa ameshinda Bathurst mwaka 1978 na 1979 akiwa na Jim Richards. Ule wa 1979 walishinda kwa mizunguko sita, na Brock akaweka rekodi ya mzunguko katika mzunguko wa mwisho, wakati hakuna hata mtu wa kumkimbiza. Hiyo ndiyo timu ambayo mwenye sheli wa Queensland alikuwa ameiacha nyuma asubuhi ile. Ni kweli Brock alikuwa amechelewa baada ya kugusana na gari dogo la daraja la chini alipokuwa akilipita, lakini kasi ya Falcon ilikuwa ya kweli. Kisha likaja jiwe, na Brock na Richards wakashinda kwa mara ya tatu mfululizo.

Tatu, na hapa ndipo kisa kinapofunguka: kwa nini watu walijali kiasi kile?

Australia ya wakati ule ilikuwa imegawanyika kwa magari kama miji mingine inavyogawanyika kwa mpira. Ama wewe ni Holden, ama wewe ni Ford. Mtu alirithi upande wake kutoka kwa baba, na wapo waliogombana na shemeji zao mezani kwa ajili hiyo. Sasa, mwishoni mwa 1978 Ford Australia ilijitoa rasmi kwenye mbio. Mwaka mmoja tu kabla, Allan Moffat alikuwa ameongoza Falcon mbili za timu yake kuvuka mstari wa Bathurst zikifuatana, ya kwanza na ya pili. Halafu mlango ukafungwa. Mashabiki wa Ford wakabaki yatima: walikuwa na chuki yao yote kwa Holden, na hawakuwa na mtu wa kumshangilia. Johnson hakutumwa na Ford. Alijitokeza mwenyewe, akaibeba bendera iliyotupwa, akafika mbele ya Brock mlimani, na akaangushwa na jiwe. Ukiambiwa utunge hadithi ya kuwatoa machozi watu wa upande ule, usingeweza kutunga inayozidi hiyo.

Nne, kulikuwa na televisheni. Channel 7 ilikuwa inarusha mbio zile mubashara siku nzima, nchi nzima. Mwaka uliotangulia walikuwa wameweka kamera ndani ya gari la mshindani, jambo ambalo dunia ya mbio ilikuwa bado inalistaajabia. Watangazaji walikuwa na saa nyingi za kujaza. Johnson alipohojiwa baada ya ajali, sauti ikimkatika, akaeleza kwamba kila alichokuwa nacho alikuwa amekiweka kwenye gari lile na hakuona namna ya kurudi. Hakuomba pesa. Hilo ni jambo dogo lenye uzito mkubwa: angeomba, nadhani ingekuwa habari nyingine kabisa. Watu waliokuwa sebuleni wakaanza kupiga simu wenyewe, kutaja majina na kiasi.

Simu hazikukoma. Michango ya wananchi ilifika dola 72,000 hivi za Australia. Edsel Ford wa Pili, kitukuu cha Henry Ford, aliyekuwa kwenye uongozi wa Ford Australia, akaahidi kwamba kwa kila dola ya wananchi kampuni itaongeza dola. Jumla ikawa 144,000.

Kwetu hilo lina jina, mchango, na kila anayesoma hapa ameshawahi kuwekwa kwenye orodha ya harusi ya mtu asiyemjua vizuri. Kwa hiyo tunajua mchango una sheria zake zisizoandikwa. Anayetoa hanunui kitu, ila ananunua haki ya kuuliza. Akikutana na bwana harusi miaka kumi baadaye, moyoni anajua sehemu ya ile ndoa ni yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Johnson. Maelfu ya watu ambao hawakuwahi kushika spana walikuwa sasa na kipande cha Falcon ya buluu.

Tazama pia alichokifanya Ford. Kampuni iliyokuwa imejitoa mbioni kwa sababu ya gharama ilirudi kwa pesa isiyozidi ile waliyotoa wananchi, na ikapata shukrani ambayo bajeti ya matangazo isingeinunua. Simlaumu Edsel, aliona nafasi akaitumia, na bila yeye kiasi kingekuwa nusu. Lakini anayesimulia kisa hiki kama hadithi ya ukarimu wa kampuni kubwa anageuza mpangilio. Wananchi ndio walioanza.

Mchango ule ulileta deni la aina moja tu: kushinda. Na mwaka 1981 Johnson alilipa kwa namna ambayo hadi leo inaonekana kama imeandikwa na mtu. Ubingwa wa magari ya aina ile Australia uliamuliwa kwenye raundi ya mwisho, uwanja wa Lakeside, karibu na Brisbane, mbele ya watu wake, na mpinzani akiwa Brock huyohuyo. Johnson akamzuia, akawa bingwa. Oktoba akarudi Bathurst na mwenzake John French, kwenye Falcon ya buluu tena. Walikuwa mbele wakati magari yalipogongana juu mlimani, kwenye kona ya McPhillamy Park, njia ikaziba, na waamuzi wakasimamisha mbio. Matokeo yakatangazwa kwa mizunguko 120 badala ya 163. Aliyekuwa wa pili, Bob Morris, alikuwa kwenye ajali ileile iliyozifunga mbio. Kwa hiyo mlima uliomnyang'anya mwaka mmoja ulimkabidhi mwaka uliofuata kabla ya muda. Mashabiki wa Holden walinung'unika kuhusu ushindi wa mizunguko pungufu. Na wanung'unike, aliyekuwa mbele alikuwa mbele.

Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa ngano. Lakini timu ni gereji, na gereji ina mishahara ya kulipa.

Mwaka 1983 Bathurst ilimrudia. Jumamosi, kwenye kuwania nafasi ya kuanzia, Johnson aligusa kizuizi cha matairi kwenye kona ya Forrest's Elbow, Falcon yake, safari hii ya kijani, ikaruka nje ya njia na kupita katikati ya miti. Alitoka akiwa mzima, gari likawa chuma chakavu. Ilibaki chini ya siku moja kabla ya mbio. Safari hii hakuna aliyepiga simu. Palmer na timu wakampata mshindani mdogo aliyekuwa na Falcon ya toleo lilelile, wakamalizana naye, na mafundi wakakesha: vifaa vilivyonusurika vikahamishwa, bodi ikapakwa rangi ya kijani, namba 17 ikaandikwa. Asubuhi likapangwa kwenye mstari. Liliharibika umeme na halikumaliza, lakini lilianza.

Mimi hupenda kuziweka 1980 na 1983 pamoja. Zote ni ajali za mtu yuleyule, mlima uleule. Ya kwanza ilihitaji wananchi kwa sababu nyuma ya Johnson hapakuwa na kitu. Ya pili ilihitaji kalamu ya mdhamini, spana na usiku mmoja. Hiyo tofauti ya miaka mitatu ndiyo iliyonunuliwa na zile dola 144,000.

Miaka iliyofuata naipita haraka, ingawa wapenzi wa takwimu watanichukia. Kanuni zilibadilika 1985, Falcon za V8 zikawekwa pembeni, na Johnson akahamia Mustang kisha Sierra, gari dogo la Ford la Ulaya lenye injini ya lita 2 na tabo. Shell wakaingia kama wadhamini mwaka 1987 wakakaa hadi 2004. Mwenye sheli akawa mtu wa Shell. Watu wake walizichokonoa Sierra zile mpaka mwaka 1988 walipopeleka moja uwanja wa Silverstone, Uingereza, nyumbani kwa walioitengeneza, na Johnson akaanza wa kwanza mbele ya wenyeji. Mwaka huo na uliofuata yeye alikuwa bingwa na mwenzake John Bowe wa pili. Wakashinda Bathurst 1989, wakaishinda tena 1994 wakiwa kwenye Falcon. Bowe akachukua ubingwa 1995. Johnson mwenyewe alikuwa bingwa mara tano: 1981, 1982, 1984, 1988 na 1989. Aliacha usukani 1999.

Kisha pesa za Shell zikaondoka, na hapo ikaonekana jinsi gereji ilivyokuwa imeegemea ukuta mmoja. Mdhamini aliyefuata, kampuni ya uwekezaji wa majengo iitwayo Westpoint, iliporomoka yenyewe. Wakaja Jim Beam, watu wa wiski. Mwaka 2010, kwenye raundi ya mwisho mitaani Sydney, mvua ilishuka Jumamosi na wagombea wote watatu wa ubingwa wakagonga ukuta karibu kwa pamoja. Mafundi wa Johnson walilipiga nyundo gari la James Courtney wakalirudisha njiani kiasi cha kuvuka mstari na kuokota pointi. Jumapili akawa bingwa. Ni usiku wa 1983 ulioviringishwa kwenye dakika chache. Wiki chache baadaye bingwa alikuwa amehamia timu nyingine. Timu iliyo na pesa haimwachi bingwa aondoke hivyo.

Kufikia 2013 timu ilikuwa ikiyumba vibaya kiasi kwamba haikuwa hakika itaanza msimu. Dereva kijana aliyeazimwa kutoka timu nyingine, Chaz Mostert, akawapa ushindi mmoja nyumbani Queensland, furaha ya mwenye nyumba anayedaiwa kodi.

Hapa swali linajitokeza lenyewe: kwa nini watu hawakupiga simu tena? Wapo waliopendekeza. Lakini mchango wa 1980 ulikuwa wa kujenga gari. Mwaka 2013 kilichohitajika kilikuwa kuendesha kampuni yenye wahandisi, malori, injini za kukodi na leseni ya kushiriki, mwaka baada ya mwaka. Watu humchangia mtu aliyeangukiwa na jiwe. Hawachangii hesabu zisizolingana. Isitoshe, msiba wa 1980 ulitokea mbele ya macho yao. Huu ulitokea benki.

Septemba 2014 Roger Penske, mfanyabiashara wa Marekani mwenye timu za mbio, alinunua asilimia 51. Hakuja kwa mapenzi ya Bathurst peke yake. Mwaka mmoja kabla alikuwa amenunua biashara ya kusambaza malori nchini Australia, na timu ya mbio ni bango zuri la kuegemeza biashara ya malori. Jina likawa DJR Team Penske. Johnson akabaki na hisa chache na heshima zote, lakini funguo zilikuwa mfuko mwingine.

Na Mmarekani alifanya alichojia. Scott McLaughlin kutoka New Zealand, akiendesha gari namba 17, alikosa ubingwa 2017 kwenye raundi ya mwisho kabisa, halafu akauchukua 2018, 2019 na 2020. Mwaka 2019 alishinda mbio 18, rekodi ya msimu kwa wakati ule.

Katika mbio hizo 18 kuna Bathurst ya 2019, na hiyo ndiyo inayolifanya jiwe la 1980 linirudie kichwani. Katika robo ya mwisho ya mbio, gari la usalama, lile linalowaongoza wote polepole bila kupitana kunapokuwa na hatari njiani, lilitoka. McLaughlin alikuwa kwenye kundi la mbele, na nyuma yake mwenzake wa timu, Fabian Coulthard. Redioni Coulthard akaambiwa apunguze mwendo. Akatambaa. Foleni nzima ikakwama nyuma yake huku walio mbele wakipata nafasi ya kuingia kubadilisha matairi na kujaza mafuta bila kupoteza chochote. Ukikaa mbele ya skrini saa za Dar es Salaam, usiku haujaisha wanapoanza na asubuhi imeshapanda wanapomaliza, ulikuwa unamwona Coulthard akienda kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. McLaughlin na Mfaransa Alex Premat wakashinda.

Timu ikakiri kosa. Faini ilikuwa dola 250,000, ambapo 100,000 ziliahirishwa, pointi 300 zikakatwa kwenye hesabu za timu, na Coulthard akashushwa hadi mkiani. Baadaye ikabainika pia kwamba injini aliyotumia McLaughlin kuwania nafasi ya kuanzia ilikiuka kanuni. Akanyang'anywa ile nafasi na faini nyingine ya dola 30,000 ikafuata. Ushindi wenyewe uliachwa.

Faini ya kosa moja, basi, ilizidi mchango wote wa 1980 uliorudufiwa na Ford. Najua dola ya 1980 si dola ya 2019, na mchumi yeyote atanikosoa. Lakini hesabu ninayoifanya si ya kiuchumi. Mwaka 1980 mtu aliyekuwa mbele alizuiwa na kitu kilichowekwa njiani, na nchi ikamlilia. Mwaka 2019 timu hiyohiyo ndiyo iliyoweka kitu njiani. Nimesoma watetezi wake wanaosema kila timu ingefanya vile, na pengine ni kweli. Timu nyingine hazikuanzishwa kwa simu za watu waliochukizwa na uonevu.

Johnson hakuwa kwenye redio siku ile, na simtwishi. Ila jina lake ndilo lililokuwa la kwanza kwenye jina la timu.

Mwisho wa 2020 Penske akaondoka, McLaughlin naye akaenda Marekani. Hisa zikarudi kwa Johnson na meneja aliyeiongoza timu miaka ya Penske, Ryan Story. Jina likarudi kuwa Dick Johnson Racing, karakana ikiwa ileile ya Stapylton, kati ya Brisbane na Gold Coast, na Shell wakiwa tena ubavuni mwa gari. Ford ilishafunga kiwanda chake Australia 2016, Holden ikafuata 2017 na jina lake likazikwa 2020, kwa hiyo wale ndugu waliogombana mezani hawana tena magari ya kugombania. Mustang inayokimbia leo inatoka ng'ambo.

Barabara ya Mount Panorama iko wazi kwa umma siku nyingi za mwaka. Kuna watu wanaoishi kando yake na mizabibu yao. Unaingia na gari lako la kawaida, kilomita 60 kwa saa mwisho, unapanda mlima, na ukifika The Cutting unaona kingo ile juu upande mmoja na ukuta upande wa pili. Upenyo kati yao ni mwembamba kuliko unavyoonekana kwenye televisheni.